Kila Mmoja Mpaka Mwisho wa Shamba Lake

Kitongojini, Rulenge
9 Juni 2024

Kaka Thobias, shikamoo.

Nimekaa na kalamu tangu watu watoke misa, sijui barua ya kwenda gerezani inaanzaje. Nikiandika natumaini hujambo naona kama nakudhihaki. Basi shikamoo, uitikie hukohuko. Mimi nipo. Mama yupo, ana kidonda kidogo mguuni, usikiwazie. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja kafa, mwingine ananyonya kama ng'ombe. Mahindi siyasemi, nikiyasema nitalia.

Barua hii anakuletea Halfani, mtoto wa Mama Mwatumu mwenye duka la vitenge pale Rulenge. Anaendesha Fuso kufuata mahindi Runazi, kwa hiyo Biharamulo anapita, amesema ataiacha getini na jibu lako ataliulizia safari inayofuata. Mama Mwatumu kaweka na sabuni mbili. Nilipoanza kushukuru akanifukuza dukani: "Toka hapa na machozi yako, unanilowesha vitenge!"

Sasa kaka, machela imekufa.

Sitanii. Tangu ulipofungwa, hakuna anayembeba mgonjwa kwenda hospitali. Kwenye mkutano wa kitongoji Matiasi alisimama, amekonda yule, shati limekuwa la mtu mwingine, akamnyooshea Elick kidole: "Mke wangu Christina na mtoto aliyekuwa tumboni mmewaua ninyi. Mlikaa kilabuni mnakunywa, mpaka Thobias akaona bora ampakie kwenye pikipiki, wakaanguka pale darajani." Elick, wewe unamjua, mkuu wa machela miaka yote hiyo na hajawahi kupaza sauti, akasema, "Tulikuja. Tulikuwa wanane, ingobyi, hii machela yetu, begani. Thobias alitukuta pale kwenye kigango, akatuambia Christina amejifungua salama, turudi." Matiasi akacheka vibaya. "Thobias aliapa mahakamani kwamba hamkuja. Ninyi mmeapa wapi?"

Basi, watu wakagawanyika. Wengine kwa Matiasi, wengine kwa Elick. Waliokuwa wanabeba upande mmoja wa mti wa machela hawasalimiani. Machela imetundikwa darini kwa Elick, panya wanakula kamba. Mwezi uliopita Mzee Ntakirutimana wa kule bondeni alizidiwa. Wanawe ni wawili, na wawili hawabebi mtu mlima ule. Walizunguka nyumba hadi nyumba. Huku wanaulizwa, "Na Elick atakuwepo?" Kule wanaulizwa, "Na Matiasi atakuwepo?" Mzee akafia kwenye mkeka wake saa nne asubuhi, jua linawaka, njia kavu kabisa. Kavu, kaka!

Ndiyo maana nakuuliza jambo moja tu. Siku ile ulikutana na kina Elick, au hukukutana nao?

Mdogo wako,
Teddy


Gerezani, Biharamulo
30 Juni 2024

Mdogo wangu Teddy,

Marahaba. Barua na sabuni nimepata. Mwambie Mama Mwatumu Mungu amzidishie.

Huku ni kuamka, kuhesabiwa, kulima. Mikono imekuwa migumu kama ya baba. Kuna mzee mmoja wa Kizinza tunalala naye jirani, ananifundisha kusuka mikeka. Chakula kinashibisha. Kikohozi nilichokuja nacho kimepungua.

Mbuzi msimuuze. Mama asilime na kidonda. Mpeleke zahanati wakamsafishe kila wiki, asitumie majani peke yake.

Habari ya Mzee Ntakirutimana imeniumiza. Alinifundisha kupanda mti nikiwa mdogo, na alinicheka nilipoanguka.

Rufaa yangu imepokelewa. Msaidizi wa sheria anayekuja huku anasema itasikilizwa mwezi wa kumi na moja, na ina nguvu, kwa sababu ilikuwa dharura na mimi sikuwa na njia nyingine. Hilo neno ndilo analolishikilia, kwamba hakukuwa na njia nyingine. Niombeeni.

Karatasi imekwisha.

Thobias


Kitongojini
21 Julai 2024

Kaka, shikamoo tena.

Karatasi imekwisha! Umejaza mzee wa mikeka, umejaza kikohozi, swali langu likakosa nafasi. Haya. Nalirudia chini, soma kwanza haya mengine kwa sababu nina habari na nikikaa nayo nitapasuka.

Nilikudanganya kidogo. Kidonda cha mama si kidogo. Zahanati walimpima, wakasema ni sukari, na mguu wenye sukari haufanyiwi mchezo, asafishwe kila Ijumaa bila kukosa. Mimi nikasoma kile kijitabu chao chote palepale kwenye benchi, hata kurasa za wajawazito. Sasa kutoka kwetu mpaka zahanati ni mlima, bonde, mlima. Mama hatembei. Machela hakuna. Nikachukua ile baiskeli ya baba iliyokuwa imelala kwenye banda la mbuzi, nikaziba pancha mwenyewe kwa kipande cha ndala, nikafunga ubao kwenye keria, juu ya ubao mto. Mama akatazama, akasema, "Mimi ni mtu au mkungu wa ndizi?" Nikamwambia mkungu haulalamiki. Akapanda anasonya.

Ijumaa ya kwanza nilidhani nitakufa. Kusukuma mtu mzima kupanda mlima, jasho linaingia machoni. Nafika shamba la Elick, yeye anapalilia. Aliweka jembe chini, akaja nyuma, akaweka mikono kwenye keria, akasukuma. Yaani ghafla baiskeli ikawa nyepesi. Tumefika mwisho wa shamba lake, pale kwenye mgomba uliovunjika, akaachia. "Hapa ndipo mwisho wangu. Mbele ya hapa simjui mtu." Akageuka.

Mbele ya hapo ni shamba la Philbert, na Philbert ni wa upande wa Matiasi, hawaongei na Elick. Alikuwa ameona. Akaja. Akasukuma mpaka mwisho wa shamba lake, akaachia. Baada yake yule mama wa Kisukuma, Mhoja, tena yeye anasukuma huku anaimba, mama naye anaitikia, nikaona sasa hii ni harusi. Naye akaishia kwenye mpaka wake wa mikonge.

Hivyo ndivyo tunavyokwenda kila Ijumaa, kaka. Watu wasiotaka kusimama chini ya mti mmoja wanapokezana mama yako shamba kwa shamba. Hawakukaa kikao, hakuna aliyepanga. Anayechelewa kutoka anaitwa kwa kelele: "We Philbert, mzigo wako huo, umefika!" Mama amewazoea sasa. Wiki iliyopita alimwambia Elick asukume polepole, kwani ana haraka ya kumrudisha mwanamke wa watu?

Shamba moja tu hakuna anayesukuma. La Matiasi. Na ndilo refu, na ndilo lenye ule mlima mbaya wa mawe mekundu. Hapo nasukuma peke yangu. Yeye yupo mlangoni kwake, amekaa, anatutazama tunavyopanda. Siku moja niliteleza, baiskeli ikalala, mama akaanguka juu ya mguu uleule. Matiasi alisimama. Kisha akakaa. Mama akaniambia nisimtazame, "Ana haki yake." Tulikokotana mpaka juu, wote tunalia, kila mtu anamficha mwenzake.

Mvua zikianza baiskeli haitapita. Mama anahitaji mabega. Mabega yapo, yanasubiri kujua nani alisema uongo.

Swali langu unalijua.

Teddy


Gerezani, Biharamulo
18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa wote wanaosukuma.

Halfani alinipata siku ya kutembelewa wafungwa. Ameniambia kwamba vidole viwili vya mama vimebadilika rangi. Wewe hukuandika. Kwa nini unanificha? Mimi ni mkubwa wako. Hata nikiwa huku, habari ya mama ni yangu. Usinifiche tena, hata ikiwa mbaya.

Teddy, barua zinasomwa kabla hazijatoka. Kuna mambo mtu hawezi kuandika hata akitaka. Mwezi wa kumi na moja si mbali. Nikitoka nitambeba mama mwenyewe mgongoni mpaka Rulenge, sitahitaji machela ya mtu. Vumilieni.

Nimemsukia mama mkeka. Halfani atauchukua.

Thobias


Kitongojini
6 Oktoba 2024

Kaka,

Nilinyamaza makusudi. Nilikuwa na hasira, nikasema nikiandika nitaandika matusi, na afande wa watu anasoma.

Mvua imeanza. Daraja la magogo limekwenda na maji, tena siku ya kwanza tu. Baiskeli haipandi, inazama. Hata bodaboda wa Rulenge wakifika pale mtoni wanageuza. Muuguzi wa zahanati alikuja mwenyewe kwa miguu, amevaa mabuti, akafungua kitambaa, akanitoa nje. Vidole vitatu vimekufa. Akasema mama afikishwe hospitali Rulenge mapema, wavitoe, kabla havijaupandia mguu.

Kwenye yale maji mtu anavushwa na watu wanane, wameshikana, machela juu ya vichwa. Nimemwomba Elick. Akasema, "Mwanangu, mimi nitakuja. Watatu wangu watakuja. Wanne wengine ni wa Matiasi, na mbele yao mimi ni muuaji. Mtu ataingiaje kwenye maji na mtu anayemwita muuaji, mmoja akiteleza?"

Swali silirudii. Jibu ninalo. Mtu ambaye hakukutana nao angeniandikia "sikukutana nao", maneno mawili, hata kwenye kikaratasi cha sabuni. Wewe umenijazia karatasi mbili.

Ulisema usifichwe. Haya, hujafichwa.

Teddy


Gerezani, Biharamulo
13 Oktoba 2024

Teddy,

Hii isome mbele ya watu wote, Jumapili, pale nje ya kigango. Usipunguze.

Mimi Thobias nilikutana na kina Elick. Walikuwa wanane, ingobyi begani, wanakimbia, Elick mbele. Hawakuwa wamekunywa. Nilisimamisha pikipiki, nikawaambia Christina amejifungua salama, warudi. Ulikuwa uongo. Nilikuwa ndiyo kwanza naelekea huko. Nilipofika, Matiasi akaniuliza kama nimewaona. Nikasema nimewapita kilabuni, wamekaa, hawaji. Huo ni uongo wa pili. Wa tatu niliuapia mahakamani.

Mnauliza kwa nini. Pikipiki ilikuwa na wiki tatu. Kila nilipopita, wazee walinitania kwamba chuma hakina huruma, na mimi niliwajibu kwamba machela ni mambo ya bibi zetu. Nilitaka siku moja watu waone. Waone mwanamke anafika Rulenge kwa dakika ishirini, na machela imebaki imesimama njiani. Sikutaka kitu kingine, si hela, si chochote. Nilitaka waone.

Pale darajani Christina aliniambia polepole, mara mbili. Nilimsikia.

Matiasi, sina neno la kukuomba. Elick, na wenzako saba, nimewafanya wauaji kwa miezi kumi na moja. Mimi ndiye.

Sasa Teddy, haya ni yako, nimeyaongeza baadaye. Afande anayesoma barua aliniita. Ni mtu mzima, ana miwani. Akaniuliza, "Umesoma ulichoandika?" Nikasema ndiyo. "Unajua hii ikitoka rufaa umeizika mwenyewe?" Nikasema najua. Akasema ataikalisha kwenye droo siku mbili, nikibadilisha mawazo nije niichukue, yeye atasema hakuiona. Hizo siku mbili sikulala. Nilifika mpaka mlangoni kwake mara moja. Nilirudi.

Nimemwambia msaidizi wa sheria pia.

Mbebeni mama.

Thobias


Hospitali, Rulenge
1 Desemba 2024

Kaka,

Naandikia kwenye korido, mama amelala. Yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine.

Barua yako haikufika Oktoba. Fuso la Halfani lilivunjika ekseli pale Lusahunga, akakaa wiki nne anasubiri spea katikati ya malori ya watu, barua yako iko chini ya kiti. Hakujua ina nini. Mama Mwatumu alinipa mkononi Jumamosi ya tarehe kumi na sita, mwezi wa kumi na moja. Usimlaumu Halfani. Mimi nimejaribu kumlaumu, nikashindwa.

Nilimsomea mama kwanza. Aligeukia ukutani.

Jumapili nikaisoma nje ya kigango. Wewe unanijua mimi na mdomo wangu, siku hiyo sauti ilikuwa inakatika kama redio yenye betri za kuchemsha juani. Nilipomaliza, Matiasi akaja akanyoosha mkono. Akataka aisome mwenyewe. Anasoma polepole yule, kidole juu ya mstari, midomo inatembea, na watu wote wamesimama kwenye manyunyu wanamsubiri, hakuna aliyekohoa. Pale kwenye "mara mbili" kidole kilisimama muda mrefu. Kisha akamwendea Elick.

"Nilikwambia umeua."

"Uliniambia."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Akaondoka. Hakuomba msamaha, kaka, wala Elick hakumdai. Nikadhani ndiyo basi.

Jumatatu asubuhi nasikia sauti uani. Wamekuja. Elick, Philbert, wengine, wa huku na wa kule. Machela imeshushwa darini, kamba zimeliwa na panya, na anayezibadilisha amechuchumaa chini ni Matiasi. Kamba kaleta yeye. Kafungua za mbuzi wake. Philbert akamtania, "Na mbuzi?" "Wamelala kitandani kwangu. Kitanda si kina nafasi?" Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka.

Na mama akakataa!

Kaka, yaani nilitaka kujirusha. Mguu unanuka mpaka nje, machela iko mlangoni, mama amejifunika mkeka wako usoni anasema, "Sipandi. Mdomo ulioivunja hii machela umetoka tumboni mwangu. Leo nilale juu yake wanibebe wale uliowatukana? Niacheni hapa." Elick akaongea. Mhoja akaongea. Katekista aliitwa, akaongea mpaka akaomba maji. Mama ni ukuta.

Elick akatoka nje, akasema, "Basi tunakaa." Wakakaa. Unajua wanaume wetu hawawezi kukaa mikono mitupu. Mmoja akaanza kuezeka pale paa linapovuja. Mwingine akapukuchua maharage yetu. Philbert akachimba shimo jipya la choo, hakuna aliyemwomba! Wanawake wakaleta viazi na ndizi. Jioni wakaenda makwao, asubuhi wakarudi. Siku ya pili hivyo. Mashamba yao yanaota majani, wao wako kwetu. Mama anawasikia kila kitu, anauma meno.

Siku ya tatu Matiasi akaingia ndani peke yake. Mimi nilikuwa naosha kidonda, sikutoka. Akapiga magoti pale chini.

"Mama, shikamoo."

"Usinisalimie, Matiasi."

"Christina sikumbeba. Walikuwa wanakuja kumbeba, mimi nikampandisha mwenyewe kwenye pikipiki kwa mikono yangu hii. Hakuna siku sijaona hiyo mikono." Akaiweka magotini. "Mimi sijaja kwa ajili yako. Nipe mtu wa kubeba."

Maji ya kidonda yakapoa kwenye beseni. Kisha mama akasema, "Basi msinitikise."

Tukatoka. Mmoja wao alikuwa ameshikwa na malaria siku hiyo, wakawa saba. Saba hawaingii mtoni. Wakaanza kubishana nani akaitwe. Mimi sikubishana na mtu, niliingia chini ya mti, nyuma kushoto. Mzee mmoja akasema mwanamke habebi. Elick akasema, "Mwanamke huyu amesukuma baiskeli mlima wa Matiasi tangu Julai. Wewe umebeba nini?" Tukanyanyua. Maji yalinifika kifuani, baridi, mawe yanakimbia chini ya miguu. Matiasi alikuwa mbele yangu. Nilikuwa naona shingo yake tu. Alikuwa anasema, "Polepole. Polepole. Polepole," mpaka ng'ambo.

Sasa lile lingine. Ulisema usifichwe. Daktari alikata mguu chini ya goti, tarehe ishirini na mbili. Nilimuuliza, nilijua sikupaswa kuuliza lakini nikauliza. Akasema angekuja mwezi wa kumi wangetoa vidole tu.

Nimekuandikia kama alivyosema. Sijaongeza.

Teddy


Gerezani, Biharamulo
22 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Heri ya Noeli kwenu.

Rufaa niliiondoa mwenyewe. Kuna shauri jingine linakuja, la kiapo cha uongo. Msaidizi wa sheria alinikasirikia, kisha akaninunulia soda.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Yule mzee wa mikeka aliniuliza kuna nini nyumbani, nikamwambia mama amekatwa mguu. Akaniuliza ni ajali? Nikaendelea kusuka mkeka.

Naomba jambo moja. Mama ananisalimia?

Thobias


Kitongojini
12 Januari 2025

Kaka, shikamoo.

Kwetu tumeanza mwaka. Mama amerudi nyumbani tangu tarehe tatu, wanane walimfuata. Elick kamchongea magongo, moja limezidi jingine kidogo, mama anasema Elick anapima kwa macho ya kilabuni. Anatembea kutoka kitandani mpaka jikoni. Anaanguka. Hataki kuinuliwa, anatutukana tukisogea. Mhoja anamletea maziwa na kukaa naye ninapokwenda shamba, wanaongea Kisukuma na Kihangaza, hakuna anayemwelewa mwenzake vizuri na hawanyamazi.

Umeniuliza kama mama anakusalimia. Sitakudanganya, familia yetu imedanganya vya kutosha. Nilimwuliza mara tatu nikiwa na kalamu mkononi. Mara ya kwanza akasema chumvi imekwisha. Mara ya pili akaanza kutafuta gongo lake. Mara ya tatu akasema, "Mwandikie kwamba mkeka unafaa." Ndiyo hiyo. Fanya nayo utakavyoweza.

Na mimi unaweza kutaka kujua. Kuna siku nakukumbuka mpaka nashindwa kula. Kuna siku namfunga mama kile kitambaa, nafika pale mguu unapoishia, nakuchukia mpaka mikono inakufa ganzi. Siku zote mbili ni za wiki moja. Sijui itaishaje. Nitaendelea kuandika.

Bega langu limevimba, halafu likapona, sasa ngozi imekuwa ngumu. Nimeacha kulala upande huo.

Alhamisi nilikuwa naanika maharage, nikasikia hatua zinakimbia zinakuja kwetu. Mjukuu wa marehemu Ntakirutimana kashikwa na degedege. Walikuwa Philbert na Matiasi, wanahema. Mama alikuwa mlangoni amesimama na magongo yake. Hawakuuliza kuhusu mwanaume wa nyumba hii. Hawakumwita mama kwa jina la Mama Thobias, hawakulitaja jina lako kabisa, kwa wema wala kwa ubaya.

Matiasi alisema, "Teddy. Machela."

Mama akasogea pembeni nipite.

Teddy